Mtoto Asiyetulia: Matibabu Yapo, na Kiboko Si Mojawapo

(Mazungumzo ya ofisi ya huduma za jamii kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia)



 Tunajua ni siku ya kazi na mahindi yanangoja palizi, kwa hivyo hatutawaweka mpaka jioni.

Vikundi vitatu vimetuomba tuzungumze juu ya mtoto asiyetulia. Hatusemi mtundu wa kawaida, yule anayevunja sahani leo na kesho amejirekebisha. Tunasema yule ambaye mama yake akisikia jina lake likiitwa kwa sauti huko nje, moyo unamruka. Ametumwa chumvi dukani, amerudi na kipande cha waya na chumvi haikumbuki. Darasani hakai, na akikaa miguu haikai. Anajibu swali kabla mwalimu hajalimaliza. Hawezi kungoja zamu yake, hata kwenye mpira. Anavuka barabara bila kutazama. Huyu ndiye anayevunjika mkono, huyu ndiye anayegongwa na bodaboda. Ana miaka tisa na amekwisha kuhamishwa shule mbili.

Kuna mambo mawili yaliyotusukuma kukubali ombi hili: pesa na kamba. Pesa, kwa sababu mama mmoja aliuza mbuzi wawili, akakopa na kwenye kikundi chake, akampelekea mtu mjini aliyemuuzia chupa tatu za dawa ya "kusafisha ubongo." Chupa zimekwisha, mkopo haujaisha, na mtoto ni yule yule. Kamba, kwa sababu tumeingia katika nyumba ambamo mtoto hufungwa kwenye nguzo ya jikoni mama yake akienda shambani. Mama huyo si katili. Hana mtu wa kumwachia mtoto, na mtoto akifunguliwa anakimbilia mtoni. Ukimwambia mama kama huyo "usimfunge" halafu ukaenda zako, hujamsaidia kitu. Kwa hivyo leo tuseme ni nini kinachoweza kufanywa.

Ni tatizo gani hili?

Madaktari huliita kwa herufi nne, ADHD. Kwa lugha yetu tuseme ni tatizo la kukosa utulivu na umakini. Si wazimu, na si jina la matusi. Fikirini gari lenye injini ya nguvu lakini breki zake hazijakomaa. Hata dereva awe hodari namna gani, gari hilo litagonga. Na ukilichapa kwa fimbo, breki hazitashika.

Kwa sehemu kubwa ni jambo la kurithi, kama vile urefu unavyorithiwa. Baba akikasirika na kuuliza mtoto huyu ametoa wapi tabia hii, muulizeni nyanya. Mara nyingi nyanya hucheka. Kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito mdogo sana, na mama kunywa pombe akiwa mjamzito pia huongeza hatari. Sukari haileti, mwaka 1995 wataalamu walijumlisha majaribio mengi yaliyokuwa yamefanywa juu ya sukari na tabia ya watoto, na hawakuona kwamba inawafanya warukeruke. Laana nayo tuiache kabisa, maana imevunja nyumba nyingi, na kila mara anayelaumiwa ni mama.

Duniani inakadiriwa kwamba watoto 5 hivi katika kila 100 wana tatizo hili. Shule yenye wanafunzi 400 yaweza kuwa nao kama 20. Wavulana huonekana zaidi kwa sababu wao hupanda juu ya madawati. Lakini wapo wasichana wasiorukaruka, wanaokaa kimya wakitazama nje ya dirisha, daftari tupu, na kwenye ripoti imeandikwa "mvivu." Hao msiwasahau.

Kwanza tuhakikishe si kitu kingine

Hapa twawaomba msikilize vizuri, kwa sababu hatua hii haihitaji pesa nyingi na mara nyingine inamaliza shida yote.

Si kila asiyetulia ana ADHD. Daktari hutafuta mambo haya: je, dalili zilianza kabla ya miaka 12? Zimedumu miezi sita au zaidi? Zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni, au shuleni na kanisani? Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, pengine shida iko kwa mwalimu. Anayesumbua nyumbani tu, tutazame nyumbani kuna nini. Tumeona watoto wanaoruka usiku kucha kwa sababu baba akirudi na pombe hakuna anayelala.

Kisha masikio. Mtoto mmoja wa gredi ya tatu aliletwa kwetu akiitwa kichwa ngumu. Sikio lilikuwa likitoa usaha tangu akiwa mdogo, na nusu ya maneno ya mwalimu hakuyasikia. Alitibiwa, akaketishwa mbele, na utundu ukapungua. Huyo hakuwa na ADHD hata kidogo. Macho pia yapimwe. Damu ipimwe, maana mtoto aliyepungukiwa na damu hawezi kukaza akili. Anayekoroma sana usiku na kushtuka-shtuka hapati usingizi wa kutosha, na mchana atakuwa mkali. Na mwenye njaa, jamani, huyo apewe uji kwanza ndipo tumuulize kwa nini hasikilizi.

Kuna kifafa cha namna nyingine ambacho mtoto haanguki. Anazubaa sekunde chache, macho yamekodoa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Inaweza kutokea mara nyingi kwa siku moja, na mwalimu anadhani anaota mchana. Na tukiwa hapo hapo kwa kifafa: fenobabitoni, kile kidonge cha kifafa ambacho wengi mnakijua, huwafanya baadhi ya watoto wasitulie kabisa. Kama mtoto wako alianza kuruka baada ya kuanzishiwa dawa hiyo, usiiachishe mwenyewe, kwani anaweza kupatwa na degedege kali. Rudi ukamweleze daktari. Ziko dawa nyingine.

Malaria iliyopanda ubongoni nayo huacha alama. Watafiti wa Kilifi wameonyesha kwamba baadhi ya watoto walionusurika na malaria kali hubaki na shida za kujifunza na za tabia. Mama, ukienda kliniki, taja kwamba alilazwa akiwa na miaka miwili akapoteza fahamu. Usiseme ni mambo ya zamani.

Wanaokaa karibu na mahali pa kuyeyusha betri za gari wajue kwamba madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliingia mahakamani kwa jambo hilo hilo.

Basi anzeni kwenye dispensari au kituo cha afya, muombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Kwa upande wa shule, kuna vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kwa herufi EARC, vilivyoanzishwa Kenya kuanzia mwaka 1984. Mwalimu mkuu anapaswa kujua kilicho karibu nanyi. Kesi ngumu hupelekwa kwa madaktari wa akili, kwa mfano Mathari au Kenyatta huko Nairobi, au hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Jambo moja la kukumbuka: ADHD haionekani kwa kupima damu wala kwa picha ya kichwa. Hujulikana kwa kuuliza, kutazama, na kusikia habari kutoka nyumbani na shuleni. Mtu akikuambia ana mashine ya kuiona kwenye kiganja cha mkono kwa shilingi elfu mbili, ondoka ukapande matatu urudi nyumbani.

Matibabu ya nyumbani

Watu wengi wakisikia "matibabu" wanangoja kidonge. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa wahudumu wa afya wasio mabingwa, limetanguliza kumfundisha mzazi. Na kazi hiyo twaweza kuianza hapa chini ya mti huu.

Tuanze na namna ya kumtuma mtoto. Tujisikilize sisi wazazi: "Wewe, hebu toa hizo ng'ombe, ukirudi ulete kuni, na usisahau kufungia kuku, na hiyo shati ni chafu, kwani humwoni mwenzako?" Maneno yote hayo yametoka mama akiwa jikoni na mtoto akiwa uani. Mtoto huyu ameshika la kwanza, au la mwisho, au hakushika lolote. Sasa fanya hivi. Mwendee. Mguse bega. Mwite kwa jina mpaka akutazame. Sema jambo moja: "Leta kuni." Mwambie alirudie. Akileta, hapo hapo, hata kabla hajazitua vizuri, mwambie, "Asante, umeleta kuni upesi." Ndipo umpe la pili.

Kusifu ndiko kunakotushinda. Baba mmoja alituambia, "Nimsifu kwa kuleta kuni? Si ni kazi yake!" Ni kazi yake, kweli. Lakini mtoto huyu tangu asubuhi ameitwa mjinga na shetani mara ishirini, na hajasikia hata neno moja la kumwonyesha njia gani ndiyo sawa. Tena ubongo wake haungoji malipo ya mbali. Ukimwambia, "Ukifanya vizuri nitakununulia viatu Krismasi," kwake Krismasi ni kama haipo. Malipo yawe leo, na yawe madogo.

Kwa hivyo chukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia na maharagwe kidogo. Chagueni mambo matatu tu, msizidishe. Kwa mfano: kuvaa bila kuitwa mara ya pili, kuketi mpaka amalize kula, kutoka shuleni moja kwa moja mpaka nyumbani. Kila akifanya moja anatumbukiza harage yeye mwenyewe. Jioni mnahesabu pamoja. Maharagwe matatu ni kuendesha baiskeli ya baba mpaka kwa jirani na kurudi, au hadithi, au kuchagua nani aanze kupakuliwa. Si lazima iwe kitu cha kununua. Harage likishaingia halitolewi, hata akikosea baadaye. Hapo ndipo wengi huharibu: mtoto amepata mawili, amemsukuma dada yake, mama anamwaga mkebe wote. Kesho mtoto hana haja na mkebe wenu tena. Na mjue pia kwamba wiki ya kwanza itaenda vizuri, ya tatu atachoka. Badilisheni zawadi, msiache kazi.

Makosa madogo, kama kutikisa miguu au kuongea-ongea, yapite kama hamkuyaona. Kosa kubwa, kama kumpiga mtoto mwingine, liwe na adhabu fupi, ya papo hapo, na ile ile kila mara: akae kwenye kigoda pembeni dakika tano, bila mahubiri. Zikiisha, imekwisha. Usimkumbushe tena wakati wa chakula mbele ya wageni.

Siku yake iwe na utaratibu. Aamke saa ile ile, alale saa ile ile, na simu isilale naye. Kazi ya shule ikatwe vipande: hesabu tano, azunguke nyumba mbio, hesabu tano nyingine. Hata shambani. Mpe mistari miwili ya kupalilia, apumzike, mpe miwili. Ukimwonyesha shamba zima, ukigeuka utamkuta juu ya mwembe.

Wote wa nyumbani washike sheria moja. Mama akikataa na nyanya akiruhusu, hakuna mkebe utakaofaa. Mpeni miezi miwili au mitatu kabla ya kusema imeshindikana.

Shuleni

Mwalimu mwenye watoto sitini tunamhurumia. Hata hivyo kuna mambo yasiyomgharimu. Mtoto aketi mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na mwenzake aliye mtulivu. Apewe ruhusa ya kusimama: yeye ndiye afute ubao, yeye ndiye apeleke chaki darasa la pili. Mwalimu na mtoto wakubaliane ishara, kama kugonga dawati mara mbili, badala ya kumtaja jina mbele ya wote. Na kila Ijumaa mwalimu aandike mistari miwili kwenye daftari la mzazi, ukianza na zuri.

Kuhusu kiboko, sheria iko wazi. Kiliondolewa shuleni mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010 inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kwa maneno. Tunajua bado kipo nyuma ya milango. Sisi hatukitaji kwa sababu ya sheria tu. Tumeona kwamba mtoto huyu akipigwa anatulia dakika kumi kwa maumivu, kisha anarudi pale pale, na safari hii ana chuki. Wengi wao ndio wanaoacha shule.

Dawa

Hapa ndipo uvumi umejaa. Dawa inayotumiwa zaidi duniani ni methilfenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin. Si mpya. Ilitengenezwa mwaka 1944 na ikaanza kuuzwa miaka ya 1950. Hata kabla yake, mwaka 1937, daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, alieleza jinsi alivyowapa watoto dawa ya kusisimua iitwayo Benzedrine, akashangaa kuona wengi wanatulia na kufanya masomo vizuri zaidi.

Naam, ni dawa za kusisimua. Watu huuliza: mtoto tayari yuko juu ya paa, mnamsisimua tena? Jibu ni zile breki. Dawa huamsha sehemu ya ubongo inayozuia na kuchagua. Breki zikiamka, gari linatulia. Mzee mmoja akatuambia, "Basi ni kama miraa, si nimpe tu miraa?" Hapana, mzee wetu, hapana kabisa. Ni kweli miraa ina kitu cha kusisimua, lakini haina kipimo, inanyima mtoto usingizi na chakula, na hakuna daktari anayeitumia kutibu mtoto. Dawa ya hospitali huanza kwa kipimo kidogo na kupandishwa pole pole huku mtoto akitazamwa.

Kidonge cha kawaida hufanya kazi saa nne hivi, kisha nguvu yake inaisha. Hakiponyi. Ni kama miwani: ukiivaa unaona, ukiivua ni vile vile. Mtoto aweza kupoteza hamu ya chakula, kukosa usingizi, kuumwa na kichwa au tumbo, na kukua kwake kwaweza kupungua kidogo. Kwa hivyo apewe asubuhi, ale vizuri asubuhi na jioni, na kila akirudi kliniki apimwe uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo. Kama katika ukoo kuna kijana aliyekufa ghafla kwa moyo, au mtoto mwenyewe ana ugonjwa wa moyo, semeni kabla ya kidonge cha kwanza. Mtoto aliye chini ya miaka 6 hatarajiwi kuanzishiwa dawa hii. Kwake mafunzo ya mzazi ndiyo matibabu. Nayo imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, ndiyo sababu haiuzwi bila cheti cha daktari. Ukiuziwa sokoni, hujui umeuziwa nini.

Ziko nyingine kwa watoto wasioweza kutumia hiyo. Atomoksetini si ya kusisimua na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, kwa hivyo msikate tamaa siku ya nne. Klonidini hushusha presha, na haiachwi ghafla.

Je, dawa ni bora kuliko mkebe wa maharagwe? Mwaka 1999 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto 579, wa miaka 7 hadi 9, uliofanyiwa Marekani na Kanada. Kwa miezi 14, waliopewa dawa kwa uangalizi mzuri walipunguza dalili kuliko waliopewa mafunzo ya tabia peke yake. Waliopata vyote viwili walihitaji kipimo kidogo cha dawa. Lakini walipofuatiliwa mpaka mwaka wa tatu, tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka. Tena mwaka 2019, na mara nyingine mwaka 2021, kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuiingiza methilfenideti katika orodha yake ya dawa muhimu, ikisema ushahidi wa faida ya muda mrefu bado haujatosha. Wapo madaktari wengi waliosikitishwa na uamuzi huo.

Maoni yetu ni haya. Mtoto aliye karibu kufukuzwa shule, au anayejiweka katika hatari ya kifo kila wiki, akiandikiwa dawa na daktari anayemfuatilia, tungemsihi mzazi asiikatae kwa sababu ya uvumi. Lakini huku kwetu dawa iko umbali wa matatu mbili, na mwezi mwingine hata huko haipo. Mzazi asiyejua kazi ya nyumbani atabaki mikono mitupu siku vidonge vikiisha.

Kikundi kifanye nini?

Turudi kwa mama mwenye kamba. Anachohitaji si hotuba, ni saa tatu. Kikundi kimoja chenye wanachama kumi na wanne kilipanga zamu: kila siku ya soko na ya palizi, mmoja anakaa na mtoto huyo pamoja na wake. Kwa kila mwanachama ni kama mara moja kwa wiki mbili. Kamba iliondoka bila mtu kugombezwa. Tungependa kila kikundi hapa kijadili zamu kama hiyo kabla hakijafunga mkutano wake ujao.

Pili ni pesa za mzunguko. Tunashauri kikundi kisikubali mkopo wa kununua dawa ya chupa isiyo na cheti, lakini kikubali upesi ule wa nauli ya kliniki, tena wa kurudi kliniki, maana safari ya kwanza watu huchanga na ya tatu wanasahau. Na mama asiende peke yake. Aende na mwenzake anayeweza kusikiliza daktari wakati yeye anamkimbiza mtoto kwenye varanda.

Maswali machache yaliyoulizwa

Baba mmoja kijana aliuliza kama amtoe mtoto ampeleke shule ya bweni "akanyooshwe." Tulimjibu kwamba bwenini mtoto huyu hupoteza watu wanaomjua, na hakuna wa kumkumbusha kitanda, sabuni na daftari. Makosa yake madogo huko yanakuwa kesi. Kama hakuna njia nyingine, azungumze kwanza na walimu wa bweni na awaachie maandishi ya daktari.

Dada mmoja wa jumuiya ndogo ndogo aliuliza juu ya maombi ya kutoa pepo. Sisi tunasali na watoto hawa, na tutaendelea. Baraka ya padre haimzuii mtoto kupimwa masikio. Lakini kumfungisha mtoto siku tatu bila chakula, kumkemea na kumshikilia chini, hiyo tunaikataa waziwazi, na ikiwa mtu anafanya hivyo, mwambieni chifu na ofisa wa watoto.

Aliuliza pia mama mwenye duka: akikua itaisha? Kwa wengi, kule kurukaruka hupungua wakifika ujana. Kusahau na kutomaliza mambo hubaki kwa wengi wao hata ukubwani. Kazi za kutumia mikono na kutembea huwafaa wengi kuliko kuketi ofisini.

Wa mwisho alikuwa nyanya anayelea mjukuu wake. Alisema, "Mimi sijui kusoma, daktari akiniuliza nitasema nini?" Nyanya, chukua daftari la kurasa thelathini na mbili. Mwambie mjukuu wako mkubwa aandike kila jioni kwa wiki mbili: leo alifanya nini, saa ngapi alilala, alikula nini, alianguka au la. Mwalimu aandike ukurasa wake. Beba kadi ya kliniki ya utoto wake, karatasi za hospitali aliyolazwa, na dawa zozote anazotumia, hata za miti shamba, zikiwa kwenye chupa zake. Ondoka na matatu ya kwanza, na umbebee chakula na mpira, kwa sababu foleni ni ndefu.